Sange Alivyompima Fisi

Paukwa!

Pakawa.

Kaondokea nani?

Kaondokea fundi, kajenga kibanda kakaa.

Na mbele ya kibanda?

Mianzi.

Na nyuma ya kibanda?

Hatujui, hatujatazama.

Vizuri, msitazame. Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia asinzie sasa, maana huko mbele sitamngoja.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakipanda baiskeli, alikuwapo Sange. Sange mnamjua: mnyama mdogo mwenye pua ndefu na miguu myembamba, na moyo wake hukimbia hata akiwa amekaa. Si panya, na ukimwita panya mtagombana. Kazi yake ilikuwa kuunda fremu za baiskeli kwa mianzi, anaikata kwa msumeno, kwaru-kwaru, kisha anaifunga kwa katani na utomvu. Hakuunda fremu mbili zilizofanana. Aliyekuja kwa Sange alipimwa kwa kamba, kutoka kisigino hadi utosini, kisha akaambiwa arudi kesho apimwe tena, maana fundi hakati mwanzi kwa kipimo kimoja. Twiga alipata fremu ya kwenda juu kama ngazi. Kobe alipata fupi, nusura ifagie njia. Na kila mteja alipoikalia baiskeli yake mara ya kwanza, alisema, "Kumbe hivi ndivyo nilivyo."

Ubavuni mwa kibanda aliishi ndege Mnana, mshona mikoba ya baiskeli. Alishona kwa mdomo, tiku-tiku, tiku-tiku, ukindu juu ya ngozi. Wawili hawa hawakuwa na tajiri juu yao wala vibarua chini yao. Walichokuwa nacho ni jina. Msituni kote ilisemwa: ukitaka kujua urefu wako usimwulize mama yako, mwulize Sange. Sange hakosei kipimo.

Asubuhi moja tiku-tiku ya Mnana ilikatika. Sange akainua pua. Hakusikia hatua yoyote, ila alinusa harufu ya mfupa wa zamani, kisha kivuli kirefu kikaingia kibandani kabla ya mwenyewe.

"Hodi," akasema Fisi.

Hodi ya Fisi haijibiwi kwa furaha, lakini adabu ni adabu. "Karibu, Bwana Fisi."

Fisi alikuwa mkubwa, na mnajua alivyoumbwa: mabega juu, kiuno chini. Kila baiskeli aliyopora ilimmwaga nyuma, puu, na ngedere wakamcheka. Ngedere hao hawapo tena.

"Nataka baiskeli ya mwili wangu," akasema. "Isinimwage. Isilie. Nikipita nyuma ya mtu, asijue."

"Itakuwa hivyo, bwana."

"Na mkoba wa kufunga nyuma ya kiti, wenye mkanda wa begani."

Mnana akauliza kama alivyozoea kumwuliza kila mteja: "Wa kubebea nini, bwana, ili nijue ukubwa?"

Fisi akamtazama Sange kuanzia pua hadi mkia, taratibu. "Wa ukubwa huu," akasema.

Mnana akaangusha ukindu wake.

"Msinifikirie vibaya," Fisi akaendelea. "Kitu kizuri kinapendeza kikiwa kimoja tu. Fundi akibaki, kesho atamwundia Chui kama yangu. Siku baiskeli itakapokamilika, fundi ataingia mkobani na tutaondoka pamoja. Wala usikimbie, Fundi. Pua yangu imeshakujua." Kisha akacheka. Mdomo wake haukufunguka. Kicheko kilitoka tumboni, na kilisikika kama cha watu wengi waliofungiwa humo ndani.

Sange aliogopa, niwaambie kweli. Lakini mkono wa fundi una mazoea yake. Akachukua kamba mpya.

"Simama wima," akasema. "Usipumue. Kamba, sema."

Kamba ikaanzia kisigino ikafika utosini barabara. Sange akaikata hapo. "Rudi kesho," akasema, "jua likishapanda kidogo."

Fisi alipokwenda, Mnana akashuka na utepe wake. Alikuwa akilia. "Nisamehe, dada," akasema. "Nisipokupima atanila mimi." Akampima Sange pua, akampima mgongo, akampima mkia namna ya kuukunja. Sange alisimama wima. Na alipokuwa amesimama hivyo, huku mwenzake akitaja urefu wake kipande kwa kipande, alijiona anakuwa mdogo.

Basi hapo akapata akili. Wazee walisema mwenye nguvu mpishe, ila hawakusema umpishe uende wapi.

"Shoga," akamwambia Mnana, "Fisi akija kujaribu mkoba kesho, ule mkanda uachie tundu moja. Uning'inie chini kidogo. Kesho kutwa, tundu la pili."

Usiniulize kama Mnana alielewa. Alifanya.

Siku ya pili Fisi akaja jua limepanda. Sange alikuwa amekata kamba nyingine, ndefu kuliko ya jana kwa kidole kimoja.

"Simama wima. Usipumue. Kamba, sema."

Kamba ikapita utosi. Sange akaitazama, akamtazama Fisi, akaitazama tena.

"Vipi?" akauliza Fisi.

"Labda umesimama vibaya, bwana." Akampandisha juu ya fremu iliyoanza kuungwa, ambayo kiti chake alikuwa amekipandisha kidole kimoja asubuhi hiyo. Mguu wa Fisi ukatafuta pedeli ukaikosa kidogo. Mkoba nao ulipovishwa begani ulimgonga gotini, na mikoba ya Mnana hukomea pajani. Fisi akacheka kile kicheko chake, lakini alikikata katikati.

Siku ya tatu alikuja adhuhuri. Kamba ilikuwa imeongezwa vidole vitatu.

"Simama wima. Usipumue. Kamba, sema."

Kamba ikapita utosi kwa vidole vitatu. Mguu ukaikosa pedeli kabisa. Mkoba ukaburuta mavumbini.

"Umekula, bwana?" akauliza Sange kwa upole.

"Nimekula nyati mzima jana."

"Sasa amekwenda wapi?"

Fisi akatazama chini, akakiona kivuli chake. Kile kivuli kirefu cha siku ya kwanza kilikuwa kimejikunja chini ya tumbo lake. "Fundi," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, "kwa nini napungua?"

"Mimi ni fundi wa fremu, bwana, si mganga. Mimi napima tu."

Fisi akainamisha kichwa karibu na sikio la Sange, kama mtu anayetoa siri. "Ni wao," akasema. "Niliowala. Usiku kucha nawasikia humu tumboni wakigawana. Huyu anasema nipe nyama yangu, yule anasema nipe mfupa wangu." Akaondoka kinyumenyume, akitazama pembeni.

Sange alifurahi siku ile, hata akaimba. Fisi anayejiona mdogo hathubutu kumgusa mtu. Kesho, akawaza, nitamwongezea vidole viwili, atakimbia msitu huu, na mambo yatakuwa yamekwisha. Akalala usingizi mzito, na usingizi wa furaha ni mbaya, kwa sababu jua lilipomfikia machoni Fisi alikuwa tayari amesimama mlangoni. Sange hakuwa amekata kamba mpya. Hakuwa amepandisha kiti. Kamba pekee iliyokuwapo ni ile ya jana, na Sange akajua kwamba leo itasema vilevile, Fisi atajua hapungui, na baada ya hapo ni mkoba.

Hata hivyo akaichukua kamba. "Simama wima," akasema. "Usipumue. Kamba, sema."

Kamba ikapita utosi wa Fisi kwa shubiri nzima.

Sange akamtazama Mnana. Mnana akatikisa kichwa: sijagusa kitu. Sange akaenda kwenye fremu. Kiti kilikuwa palepale pa jana. Fisi akapandishwa, na safari hii alihitaji kusukumwa kutoka chini. Miguu yake ikaning'inia mbali na pedeli, ikacheza-cheza hewani.

Sasa moyo wa Sange haukukimbia tena, ulikuwa umesimama. Akaona huruma, naye hakuitegemea. "Bwana Fisi," akasema, "shuka unisikilize. Nilikudanganya. Kamba niliikata ndefu mimi. Kiti nilikipandisha mimi. Hukuwa umepungua hata kidogo."

Fisi akatabasamu kwa huzuni. "Fundi," akasema, "usinifariji. Msitu mzima unajua hukosei kipimo. Pima tena, labda leo nimesimama vibaya."

Sange akapima tena. Kamba ikapita kwa shubiri mbili.

"Pima tena," akasema Fisi.

Sange akapima. Sasa pua ya Fisi ilikuwa sawa na pua yake, wanatazamana jicho kwa jicho. Sange akaishusha kamba. Alikuwa ameelewa. Fisi hakuwa akipungua kwa siku. Alikuwa akipungua kwa kupimwa. Kama angeacha hapo, Fisi angebaki hivyo, mwenye meno yale yale na njaa ile ile, ila mdogo kiasi cha kuingia kwenye kila tundu ambalo watoto wa wanyama wadogo hulala. Na kama asingeacha?

Mnana akaanza kulia. "Dada, basi," akasema. "Inatosha."

"Fundi, tafadhali," akasema Fisi. "Pima tena."

Sange alifikiri sana, kwa muda mfupi sana. Kisha akainyoosha kamba.

"Simama wima," akasema. "Usipumue. Kamba, sema."

Akapima. Akapima tena. Kila mara yule mwingine aliomba mwenyewe, na kila mara sauti ilitoka chini zaidi, kama ya mende, kama ya nzi, kama ya mbu. Mpaka Sange akawa amepiga magoti juu ya udongo mtupu, kamba imelala mbele yake, na kutoka chini ya uzi mmoja wa kamba ile kitu kikasema, "Pima tena."

Sange akapima.

Tangu siku hiyo aliendelea kuunda fremu, na ni nzuri kuliko za zamani. Ila akimpima mtu hufunga mdomo, huandika kipimo kwenye mwanzi na kukifunika kwa kiganja. Mteja akisema, "Fundi, mbona hunitajii?" humjibu, "Wewe njoo uchukue baiskeli yako." Na hakuna mteja, hata aombe vipi, anayepimwa mara ya pili.

Funzo la hadithi hii, watoto wema, ni kwamba uongo haufai. Njia ya mwongo ni fupi. Sange alisema uongo siku mbili tu, na tazameni yaliyompata: kibanda kimepanuliwa, wateja wanatoka hadi ng'ambo ya mto, na hakuna wa kumtisha. Basi semeni kweli daima, mpate tabu kama wenzenu.

Hadithi yangu imefika kwake, imevua viatu. Ikiwa tamu gawaneni, ikiwa chungu nirudishieni nitie chumvi.

Na wewe uliyekaa karibu na mlango, ndiyo, wewe. Ulipoingia hapa bega lako lilifika kwenye komeo, nililiona kwa macho yangu. Hebu simama wima.