Mtungi ni Mtungi

Paukwa!
Pakawa!
Penye jiko?
Pawake!
Penye mtungi?
Upimwe!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe uliyeshika mwiko, punguza moto kwanza.

Hapo kale, wanyama walipochoka kutafuta kuni, walianza kupikia gesi. Muuzaji alikuwa mmoja tu, Kiboko, kule chini mtoni. Unampelekea mtungi mtupu na malipo, naye anakupa uliojaa. Umejaa kwa maneno yake. Ukirudi kulalamika kwamba gesi imekatika mapema, Kiboko anapiga mwayo, domo wazi mpaka unaona chakula cha jana, halafu anasema, "Kwani nilikuuzia nini? Si mtungi? Mtungi ni mtungi."

Pimbi, mama wa watoto wengi na usingizi mchache, aliishi juu kabisa ya kilima cha mawe. Mara ya mwisho gesi ilimzimikia, puu! maharage yakiwa hayajaiva. Watoto wakayatafuna hivyo hivyo, kru, kru, kama kokoto. Na sasa kesho wanakuja watu kumposa binti yake mkubwa. Wakwe wakitafunishwa kokoto, posa hakuna.

Basi Pimbi akauviringisha mtungi wake mtupu, gudu gudu gudu, hadi mtoni. Akalipa. Kiboko akamsukumia mwingine. Pimbi akaugonga kwa ukucha. Ngeee! Akajua haujajaa. Wala hakulalamika.

"Bwana Kiboko, huu siuwezi. Kesho nina ugeni. Atakayenipandishia mtungi mzito kuliko yote atapata sufuria ya ubwabwa, ale peke yake. Kifaru amesema atakuja kujaribu."

"Kifaru?"

"Ndiyo. Anasema wewe ni unene tu, nguvu huna."

Kiboko alinuna, kisha akauliza, "Sufuria ipi?"

"Ile ya shughuli, yenye masikio mawili."

Kiboko akaubeba ule ule. Akapanda. Ti, ti, ti, haa! Akautua. Pimbi akaleta birika, akaumwagia maji ya moto ubavuni, akapapasa. Penye gesi hubaki baridi, pasipo gesi hushika joto. Baridi iliishia kifundoni.

"Mwepesi huu, Bwana Kiboko. Kifaru angeutundika sikioni."

Kiboko akateremka, akabeba mwingine. Akapanda. Ti, ti, ti, haa, haa! Akautua. Pimbi akamwaga maji, akapapasa. Baridi iliishia kiunoni.

"Afadhali. Lakini huu Kifaru angeubeba huku anaimba."

"Aimbe nini, na sauti ile!" Kiboko akateremka tena. Safari hii alikwenda nyuma ya ghala, alikoficha mitungi ya jikoni kwake mwenyewe. Akabeba mmoja. Akapanda. Tii... tii... tii... haaa! Mate yanamtoka, magoti yanagongana. Ndu! Akautua.

Pimbi akamwaga maji, akapapasa. Baridi ilifika shingoni.

"Umeshinda, baba. Kifaru hata asijisumbue."

Kiboko alikuwa amelala chali. "Hii miwili... niirudishe..." Akautazama mteremko. Akayatazama magoti yake. "Nitaifuata siku nyingine," akasema, akateremka kwa makalio.

Kesho yake wakwe walikuja. Maharage yaliiva mpaka yakayeyuka, ubwabwa ukakauka vizuri, posa ikapokelewa kwa vigelegele. Kiboko naye akafika, amejifunga kitambaa shingoni. Pimbi akamwekea mbele sufuria ya shughuli, yenye masikio mawili.

Kiboko akafunua. Akainamisha kichwa ndani. Huko chini kabisa kulikuwa na ubwabwa wa kujaa kiganja, kiganja cha Pimbi. Akaigonga sufuria. Ngeee!

"Bi Pimbi! Mbona haijajaa?"

Wakwe wote wakageuka. Pimbi akafuta mikono kwenye kanga, bila haraka.

"Kwani nilikuahidi nini, Bwana Kiboko? Si sufuria? Sufuria ni sufuria."

Funzo lake, watoto: wauza gesi wote ni waaminifu, na kupima ni kukosa adabu. Ukipewa mtungi, shukuru, beba, nenda zako. Birika la maji ya moto ni la chai tu.

Penye jiko?
Pazimwe!
Na hadithi yangu imekwisha kama gesi ya Kiboko, kabla hamjatosheka. Haya, kalaleni.