Pimbi Aliyekataa Kufuzu Udereva

Hapo zamani za kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba za bati na kuchemsha chai asubuhi kama sisi, paliondokea Kifaru mmoja mzee, dereva wa lori. Lori lenyewe lilikuwa la buluu, na nyuma limeandikwa NIPISHE. Kwa miaka thelathini Mzee Kifaru alilipandisha Mlima Mawe likiwa limejaa viazi, akalishusha upande wa pili hadi sokoni, wala hakuwahi kumgusa mtu.

Lakini macho, wanangu! Macho ya kifaru si mazuri hata akiwa kijana. Akizeeka je?

Siku moja alisimamisha lori katikati ya njia, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Hujambo, Bibi Kobe! Mbona umekaa juani?"

Akapiga honi, pii!

"Nakusalimia, hunijibu?"

Kumbe anasalimia kichuguu! Akaondoka kwa hasira, na kwaaa! akapita katikati ya jiko la Bibi Kobe mwenyewe. Sufuria ya maharage ikabaki inaning'inia kwenye taa ya lori.

"Nani amejenga jiko barabarani?" Mzee Kifaru akafoka.

"Barabarani? Jiko lina miaka arobaini hapa!" Bibi Kobe akalia.

Kijiji kizima kilicheka. Lakini Jumatano iliyofuata hakuna aliyecheka. Watoto wa Mama Kanga, kumi na mmoja, walikuwa wakivuka kutoka shule. Lori likaja, tutu-tutu-tutu, halikupunguza mwendo hata kidogo. Purrrr! Watoto wakaruka juu, manyoya yakatapakaa hewani. Mzee Kifaru akaendelea na safari akipiga mluzi.

Mama Kanga alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee, akawakuta wana watatu wa mzee uani. 

"Leo wangu wameruka kwa sababu wana mabawa," alisema. "Kesho akivuka mtoto wa kobe, ataruka?"



Sasa wana hao wa mzee, wawili walikuwa vifaru, Kishindo na Mbavu, majitu yenye shingo kama magogo. Wa tatu alikuwa binti, pimbi, kale kamnyama ka mawe kasikofika hata goti la kifaru. Jina lake Sikudhani. Marehemu Mama Kifaru alimwokota akiwa mchanga baada ya mafuriko, akamlea, na tangu siku hiyo Mzee Kifaru ndiye baba yake.

"Niachieni mimi," Kishindo akasema. Mzee aliporudi tu, akamzibia mlango. "Baba, lete ufunguo! Hakuna kuendesha tena!"

"Unasemaje?"

"Umezeeka! Huoni!"

Lahaula! Mzee Kifaru akainamisha kichwa. Go! Go! Pembe kwa pembe! Meza ikapinduka, vikombe vikavunjika, Kishindo akatolewa nje kinyumenyume hadi kwenye banda la kuni.

"Nimekufundisha kutembea mimi!" mzee akanguruma. "Leo unifundishe kukaa?"

Mbavu akaona atumie akili. Alfajiri akanyemelea, akaitoa betri ya lori, akaificha chini ya kitanda chake. Akajilaza huku akicheka kimoyomoyo. Punde akasikia, ngrr... ngrr... tutu-tutu-tutu! Mzee alikuwa ameliachia lori mteremkoni, likawaka lenyewe bila betri. Huyoo!

Tangu siku hiyo hakuwasemesha wanawe wawili. Alipika mwenyewe, akaunguza, akala vivyo hivyo.

"Sasa tufanyeje?" Mbavu akauliza. "Tulichome moto lori?"

"Mtamchoma na yeye," Sikudhani akasema. "Nyinyi mnamnyang'anya. Mimi nitamwomba."

"Kumwomba nini?"

"Nyamazeni mtazame."

Kesho yake asubuhi akaenda kwa mzee na birika la chai ya tangawizi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Na wewe wamekutuma?"

"Nimejituma. Baba, nifundishe kuendesha NIPISHE."

Mzee Kifaru akacheka mpaka chai ikamtoka puani. "Wewe? Miguu yako itafika wapi?"

"Ndivyo alivyosema Kishindo. Anasema hajazaliwa mwalimu wa kumfundisha pimbi kuendesha lori."

Mzee akaweka kikombe chini, ko! "Kishindo amesema nini?"

"Nikamwambia, Baba anaweza. Akasema, hawezi."

"Lete nyundo!" Mzee Kifaru akaruka. "Lete misumari! Lete vibao!"

Siku hiyohiyo akapigilia vibao virefu kwenye pedali za klachi na breki na mafuta, akapanga magunia matatu juu ya kiti cha dereva, akamnyanyua Sikudhani akamketisha hapo juu. Kisha akasimama kando akijikuna.

"Na mimi nakaa wapi?"

"Mwalimu anakaa kushoto, Baba. Akikaa nyuma ya usukani, mwanafunzi atashika nini?"

"Kweli," akasema mzee, akapanda kushoto.

Basi, masomo yakaanza! Grrrka! gia zikalia. Lori likaruka kama chura, pwa, pwa, pwa, likazima. Kijiji kizima kikatoka kutazama.

"Klachi, mwanangu! Kanyaga klachi! Sio hiyo, hiyo ni breki!"

"Hii, Baba?"

"Hiyo ndiyo! Haya, taratibu, kama unamwamsha mgonjwa!"

Mzee alikuwa na furaha ambayo hawakuiona tangu mkewe afariki. Kutwa anafundisha, jioni anasimulia alivyofundisha. Na Sikudhani? Alikuwa mwepesi wa kuelewa, wanangu. Siku ya tisa alikwishajua kila kitu. Lakini angesema hivyo? Thubutu!

"Leo naendesha mimi," mzee akaanza kusema.

"Jamani, Baba! Hata kurudi nyuma sijajua!"

Akafundishwa kurudi nyuma. "Haya, sasa nipishe."

"Na mlima, Baba? Likinizimikia mlimani?"

Akafundishwa mlima. Ikaja kona, ukaja utelezi, likaja daraja. Kila akikaribia kufuzu, grrrka! anaziliza gia makusudi. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa tatu. Viazi vilifika sokoni, watoto wa Mama Kanga walivuka salama, na mzee alikuwa kwenye gari kila siku, ila upande wa kushoto. Kishindo na Mbavu walikuwa wakiziba midomo kwa kucheka.

Mwezi wa nne, saa sita mchana, Kishindo akaja mbio uani, jasho linamchuruzika.

"Baba! Mke wangu! Uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto hatoki! Mkunga anasema afikishwe kwa Daktari Korongo sasa hivi!"

Daktari Korongo alikuwa ng'ambo ya Mlima Mawe. Wakampakia mkewe, Mwatabu, juu ya magodoro nyuma ya lori, akiugulia, na Kishindo akapanda naye. Mzee Kifaru akauchukua ufunguo, akaukimbilia mlango wa kulia.

"Sogea, Sikudhani! Hili si la mwanafunzi!"

Sikudhani akawaza. Akimwachia, watakufa wote. Akiendesha vizuri, amejifichua. Akamtazama Mwatabu. Akaupokonya ufunguo mkononi mwa mzee, akarukia magunia yake.

"Panda kushoto, Baba! Panda au nakuacha!"

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Mzee akapanda.

Wanangu, mngeliona lori lile! Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini kama siagi! Vuuuu! Daraja hilo, limepita. Kona hiyo, imekatwa. Kule juu, njia ikawa imezibwa na jiwe lililoporomoka. Sikudhani akarudi nyuma kwa kasi, huku bonde, huku ukuta wa mlima, akakata usukani, akachepuka kwa njia ya mbuzi. Mzee Kifaru alikuwa kinywa wazi, ameshika dari kwa mikono miwili.

"Sikudhani..."

"Baadaye, Baba!"

Wakaanza kuteremka. Mbele vumbi tupu, na ndani yake kitu cheusi.

"Njia nyeupe!" mzee akasema. "Kanyaga! Kile ni kichaka tu!"

"Kichaka gani kinatembea, Baba?"

Kwiiiiich! Lori likasimama, matairi yakitoa moshi. Na kile kichaka kikageuka, kikatua mzigo wa kuni. Alikuwa Babu Nungunungu, akichechemea katikati ya njia kwa mguu mbovu.

"Ahsanteni, wanangu," akasema, akijikokota pembeni. "Nilidhani leo nimekwisha."

Lori likafika kwa Daktari Korongo.

Kabla jua halijashuka, kilio kikasikika ndani. Ngeee! Kitoto cha kike, kizima, na mama mzima! Kishindo akarukaruka uwanjani hadi ardhi ikatikisika.

Mzee alikuwa amesimama peke yake karibu na lori. Sikudhani akamwendea polepole.

"Ulijua lini kuendesha?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Siku ya tisa, Baba."

"Na leo ni mwezi wa nne."

"Ndiyo, Baba."

"Umenidanganya!" akanguruma, ndege wakaruka mitini. "Mimi! Mbele ya kijiji kizima!"

"Nimekudanganya," Sikudhani akasema, machozi yanamlengalenga. "Ningekwambia huoni, ungenisikia?"

Mzee akafikiri. "Nisingesikia. Ningekutupa bandani na Kishindo." Akashusha pumzi ndefu. "Yule mzee... mimi niliona kichaka. Naapa, niliona kichaka."

"Najua, Baba."

"Na siku ile ya wale kanga, sikuona kitu kabisa."

Akauweka mkono wake mkubwa begani kwa binti yake, na begani hapakuutosha.

"Ufunguo kaa nao," akasema. "Lakini kushoto ni kwangu! Mbavu asikaribie!"

Siku ya kurudi, Mwatabu na kichanga chake walikaa nyuma, na Mzee Kifaru akapanda upande wake, akafunga mlango, akanyoosha shingo.

"Sikudhani, mbele kuna nini?" Hilo lilikuwa swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu.

"Mteremko, Baba. Na mvua inakuja."

"Basi weka gia ya pili."

"Nimeshaweka."

"Najua," mzee akasema. "Nasema tu."

Nami safari yangu imefika kituoni, wanangu: mzee ukimnyang'anya kiti chake atapigana nawe, ila ukimtengea kingine chenye heshima, atahamia mwenyewe.