Sultani Aliyefuta Neno la Kukataa

Hapo zamani, katika zama ambazo sultani akinuna mji mzima hukosa usingizi, palikuwa na Sultani Ngwali, mtu mwenye moyo laini na masikio magumu. Alitaka kujua Kiingereza, ili azungumze na wageni wake pasipo mkalimani, basi akamwita Maalim Faki amfundishe. Salamu zikamwingia, hesabu ikamwingia; ila alipofika kwenye maneno ya kukanusha, akakwama. Maana Waingereza wanayo mengi, nayo yamefanana kama pacha: no, not, none, nothing. Kila moja lina kiti chake, na ukilikalisha kiti cha mwenziwe watu hucheka. Siku moja Sultani akaliweka moja pasipo pake mbele ya mgeni, na mgeni akatabasamu ndani ya ndevu zake.

Sultani akaona haya, na haya ikageuka hasira. Kesho yake mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba maneno ya kukataa yamefutwa, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Kila mwenye ulimi katika mji huu, mkubwa kwa mdogo, akiombwa jambo atasema ndiyo. Atakayekataa, nyumba yake itachukuliwa. Watu wakaanza kutikisa vichwa. Basi mbiu ikapigwa tena: wala kutikisa chochote.

Mjini humo alikuwako Mshamu, kijana asiye na kitu, aliyelala chumba cha uani kwa shangazi yake, Bi Mwanamize. Nyumba ya bibi huyo ilipakana na ukuta wa jumba la Sultani. Ikawa Sultani ameletewa farasi wapya, akatuma watu kumwuliza bibi kama yu radhi kuitoa nyumba yake iwe banda. Ajibu Ijumaa, barazani, baada ya sala.

Bibi akakaa jikoni, mwiko mkononi, mchuzi ukiungua. Akisema ndiyo, nyumba imekwenda. Akikataa, imekwenda vile vile. Mshamu naye akaliwaza jamvi lake, atalitandika wapi.

"Mwanangu," akasema bibi, "nimeolewa humu, nimefiwa humu. Nitajibu nini?"

"Wewe vaa kanga zako mpya, shangazi, uje ukae kimya. Jibu tutalitafuta huko huko."

Ijumaa baraza likajaa. Mshamu akasogea, akainama.

"Bwana wangu, shangazi yangu ni mtu mzima, jibu lake laja polepole. Wakati tukilingoja, naomba leo nikumiminie kahawa mimi."

Waziri akamkunjia uso. Sultani akafumbua kinywa, akaikumbuka mbiu yake, akasema, "Ndiyo."

Sasa, kahawa ya baraza ina desturi yake. Humiminwa kutoka katika dele, lile birika la kahawa, kwenye kikombe kidogo, na mtu akimaliza huongezwa, tena huongezwa, mpaka akitikise kikombe chake, ndipo dele limpite. Na kumiminiwa ukaacha kunywa ni kumtukana mwenye dele. Adabu hiyo Sultani alizaliwa akaikuta.

Basi akanywa, akaongezwa, akanywa. Akakitikisa kikombe. Mshamu akamimina. Akakitikisa tena, kwa nguvu. Mshamu akamimina, asimwage hata tone.

"Mshamu, huoni natikisa?"

"Naona, Bwana wangu, ila mbiu yasema wala kutikisa chochote. Nilidhani mkono wako watetemeka kwa ukali wa kahawa, nikanyamaza kwa heshima."

"Inatosha."

"Ahsante, Bwana wangu, nitamwambia aliyeipika. Nikuongeze?"

Sultani akamtazama waziri, waziri akatazama dari. Akamtazama Maalim Faki, naye akawa anakagua ncha ya kilemba chake.

"Ndiyo," akasema Sultani kwa sauti nyembamba.

Ikawa hivyo mpaka dele likaisha, likaletwa jingine. Jasho likamtoka, moyo ukamwenda kama ngoma ya harusini, na haja ikamshika mshiko usio na msamaha. Na mwenye baraza hainuki kikombe chake kikiwa kimejaa. Mshamu akaliinamisha dele.

"Nikuongeze, Bwana wangu?"

"La," akasema Sultani, na hapo ikawa kama mfereji uliozibuliwa. "Hapana. Sitaki. Hata kidogo. No, not, none, nothing."

Mshamu akamgeukia mwalimu, akauliza kwa upole, "Maalim, katika hayo, lipi limekaa mahali pake?"

Maalim Faki akakohoa. "Leo, yote."

Sultani akatoka mbio kwenda uani. Aliporudi, uso umemkunjuka, akamkuta Mshamu amepiga magoti.

"Bwana wangu, yasikitisha. Umekataa, na jumba hili limechukuliwa. Lakini usihangaike, kwa shangazi kuna chumba cha uani. Tutasogeana, wewe na mimi na farasi."

Sultani akacheka mpaka akashika nguzo. Papo hapo akaiondoa mbiu yake, kisha akamgeukia bibi, akamwuliza upya, taratibu, kama watu waulizanavyo.

"Bi Mwanamize, watupa nyumba yako?"

Bibi akayapitisha maneno yote kinywani, kama mtu aonjaye mchuzi. Akayaacha makubwa, akachagua lililo dogo kuliko yote.

"La, Bwana wangu."

Sultani akainamisha kichwa. Farasi wakajengewa kwingine, na Mshamu akakabidhiwa dele la baraza kuwa kazi yake. Na tangu siku hiyo kikombe kikitikiswa, hata kwa mbali, dele hupita. Nami changu ndicho hiki, nimekitikisa.