Pikipiki Iliyotaka Kusalimiwa

Kubwela alikuwa akifuta vumbi chini ya kiti cha bodaboda, kama kila jioni, tajiri Mlekwa, mwenye pikipiki, alipokuja kuinyakua ampe mpwawe. Kubwela hakuwa na kazi nyingine.

"Chukua, tajiri. Ila haiwaki mpaka isalimiwe."

Mlekwa akacheka, akabonyeza stata. Kimya. Fundi akabadilisha plagi. Kimya.

"Iname mbele ya taa," Kubwela alishauri.

Kijiwe kizima kikitazama, Mlekwa akainama. "Shikamoo." Akabonyeza stata tena.

Kimya.

"Bado haijakuzoea." Kubwela akapenyeza mkono chini ya kiti, kama anayemkuna ng'ombe, akanong'ona, akabonyeza stata kwa mkono wa pili. Pikipiki ikanguruma.

"Baki nayo," Mlekwa alisema. "Mpwa wangu hana adabu hiyo."

Kesho yake asubuhi Kubwela aliinua kiti, akaikaza nati ya waya wa betri aliyoilegeza alipomwona Mlekwa akija.