Mvua ya Kwanza ni ya Fundi

Haya, paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na kilima!
Na chini ya kilima?
Chumvi!
Nani anaitaka?
Sote!

Basi kaeni vizuri. Na wewe unayetafuna muhogo kule nyuma, tafuna taratibu, naitaka sauti yangu isikike.

Hapo kale kulikuwa na kilima cha mawe, na kilimani wakikaa pimbi. Mmoja wao aliitwa Mashavu. Pimbi mnamjua: kanyama kadogo, kanene kidogo, ukikaona juu ya jiwe utadhani ni sungura aliyesahau masikio nyumbani. Mali yao ilikuwa moja tu, jiwe kubwa jeupe la chumvi. Pimbi walilamba, majirani wakaja wakalamba, na hakuna aliyemfukuza mwenzake.

Siku moja Tembo akasimama barazani mbele ya wanyama wote. "Kilimani kwa pimbi kuna nyoka," akasema. "Nyoka mkubwa. Atatumaliza!"

Nusu ya baraza wakasema, "Yupo!"

Nusu wakasema, "Nani kamwona?"

"Mimi nina pua ndefu kuliko nyote," akasema Tembo. "Nimemnusa."

Akaenda, na waliomwamini wakamfuata. Gbu! Gbu! Gbu! Nyumba kumi na saba zikalala chini. Mume wa Mashavu alikuwa ndani ya mojawapo, na hakutoka. Nyoka akatafutwa kila shimo, halikuonekana hata gamba lake.

Vumbi halijatulia, Tembo akaitisha baraza tena. "Tumeshinda," akasema. "Sasa tujenge. Na atakayejenga ni aliyepigana. Aliyekataa vita asilete hata unyasi mmoja. Ujira wa fundi ni lile jiwe la chumvi."

Jamani! Avunje yeye, ajenge yeye, alipwe yeye!

Mashavu moyo ulimuuma. Alitaka kupiga kelele. Lakini mawingu yalishaanza kujikusanya, na wanawe watatu walikuwa wakilala chini ya jani la mgomba. Wakikosa nyumba, mvua ingewamaliza. Wakikosa chumvi, wangebaki ombaomba kwenye kilima chao wenyewe. Akameza hasira, akasogea mbele.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, Mashavu. Una neno?"

"Sina neno, Mzee. Jenga wewe, zote kumi na saba. Ila kwetu tuna mila ndogo. Mvua ya kwanza ni ya fundi."

"Ndiyo kusema nini?"

"Mvua ya kwanza ikinyesha, fundi hukaa ndani ya nyumba aliyoijenga. Sisi husimama nje tukauliza, 'Fundi, mkavu?' Akijibu, 'Mkavu!' huchukua ujira wake. Kila nyumba na fundi wake. Asiyekuwemo ndani hana chake. Wazee wetu waliweka hivyo ili mtu asiezeke ovyo akatoroka."

Tembo akacheka, masikio yakapiga pa, pa, pa. "Hilo tu? Mila ni mila. Naapa mbele ya baraza!"

Hakuuliza milango ya pimbi ina ukubwa gani. Wakubwa wana mambo mengi, hawaulizi milango.

Akamwita shemeji yake, Ngiri. "Shemeji, jenga wewe, nitakupa robo ya jiwe."

Ngiri akajilaza kivulini, akawaita pimbi. "Jengeni nyinyi, nitawapa kulamba mara moja kila mmoja."

Pimbi wakamgeukia Mashavu, wamenuna. "Umetuuza wewe! Tujenge nyumba zetu, ale yeye?"

"Jengeni," akasema Mashavu.

"Tukandike udongo, ale yeye?"

"Kandikeni. Na mwezeke vizuri, kama vile watakaokaa ndani mvua ikinyesha ni nyinyi."

Wakatazamana. Mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Basi wakakata fito, wakakanyaga udongo, chapa, chapa, chapa, wakaezeka nyasi nene. Kila asubuhi Tembo alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi yangu inaendelea vizuri," akasema.

Siku ya tisa, mchana kweupe, mbingu ikanguruma. Baraza zima likaja kumwona Tembo akikabidhiwa jiwe. Ndo. Ndo. Ndo. Kisha chwaaa!

"Mafundi, ndani!" akaita Mashavu.

Pimbi kumi na sita, kila mmoja akachomoka mbio akaingia nyumba aliyoikandika kwa mikono yake. Mashavu akajifunika jani la mgomba, akapita mlango kwa mlango.

"Fundi, mkavu?"

"Mkavu!"

"Fundi, mkavu?"

"Mkavu!"

Nyumba kumi na sita, mkavu kumi na sita. Tembo akageuka kumtafuta shemeji yake. Ngiri alishakimbia zamani, mkia juu.

"Hii ya kumi na saba ni yangu," akasema Mashavu. "Nimekuachia wewe. Karibu ndani, Mzee."

Tembo akautazama mlango. Ulikuwa sawa na ukucha wake. Akaujaribu mguu, haukuingia. Akaujaribu mkonga, ukaingia kidogo.

"Fundi, mkavu?"

"Mkonga mkavu!"

"Na fundi mwenyewe?"

Tembo akauchomoa mkonga. Maji yalikuwa yakimtiririka masikioni mpaka magotini. Alitamani kuzikanyaga nyumba zote upya, lakini baraza zima lilikuwa likimtazama, nalo lilisikia alivyoapa. Hata waliokwenda naye vitani walikuwa wameinamisha nyuso.

"Sasa mimi niliyeshinda vita," akasema kwa sauti ndogo, "nipate nini?"

"Nyoka, Mzee," akasema Mashavu. "Siku utakayomwona, ni wako mzima. Hatutakuomba hata mkia."

Akaingia nyumbani kwake na wanawe, akakaa kitako sakafuni. Palikuwa pakavu. Hapo ndipo alipomlilia mumewe, maana tangu vita hakuwa amepata pa kulilia. Mvua ilipokatika, majirani wote wakaitwa kulamba chumvi, waliokataa vita na waliokwenda, ingawa hawa wa pili walilamba wakitazama chini.

Funzo la hadithi, wanangu, ni hili: mtiini mkubwa. Akisema kazi yote ni yake, semeni ndiyo, Mzee. Tazameni Mashavu, hakumbishia Tembo hata neno moja.

Hadithi yangu imekomea mlangoni. Anayeenea aingie, asiyeenea abaki na mvua yake.