Mbuzi wa Mkaguzi

Maharagwe mabichi ya Syokau yalikuwa safi kuliko sahani za harusi, lakini bila cheti cha mkaguzi yasingepanda ndege kwenda Ulaya. Mkaguzi Mwakio alifika na kitambi chake, akapekua daftari la shamba, akatabasamu.

“Jumanne wachumaji wako hawakunawa mikono.”

“Walinawa, bwana, mpaka sabuni ikaisha.”

“Haikuandikwa. Kwetu sisi, kisichoandikwa hakikutendeka.” Macho yake yakatua kwa beberu aliyefungwa kando ya tangi la maji. “Ila ukiahidi kunipa yule, Jumanne naisahau.”

Syokau alibanwa na kicheko, akajikaza. “Naahidi. Niiandike ahadi daftarini?”

“Mama, mambo ya mbuzi hayaandikwi.”

“Haya, bwana.”

Mkaguzi akatia sahihi, akagonga muhuri, akaenda mbio kufungua kamba. Syokau alikikunja cheti, akakificha kifuani, kisha akamfuata na daftari, akilamba kidole na kufunua ukurasa baada ya ukurasa.

“Mwache kwanza mbuzi wangu, bwana mkaguzi. Ile ahadi nimeitafuta mpaka kwenye jalada.” Akalifunga daftari. “Haikuandikwa.”