Zimwi Lililokalia Kisima

Sogeeni, na mwenye hofu amshike jirani yake.

Zimwi lilikalia kisima cha kijiji, muhuri wa wakubwa wake shingoni. Sheria yake ilikuwa moja: anayeomba maji humezwa. Watatu walikwenda, hawakurudi. Akatumwa Mwanamize, binti aliyelelewa zawiyani, nyumba ya ibada ya masufi.

“Unaomba nini, we binti?”

Zawiyani huombi kabla hujashukuru, desturi iliyomchosha tangu utotoni. Kwa mazoea tu, akamshukuru Mungu kwa kumpa macho.

“Unaomba nini?” Mdomo wa zimwi ukafunguka. Akashukuru kwa pumzi.

“Unaomba nini?” Meno yakamgusa utosi.

“Alhamdulillahi kwa walionilea!” akalia, na safari hii alimaanisha.

Zimwi likapekua sheria yake. Kifungu cha shukrani hakikuwamo. Likaenda kuwauliza wakubwa wake, na mpaka leo halijajibiwa.

Mwanamize akachota maji.

Ngano imefika. Anayetaka nyingine aanze kwa kushukuru.